Koti la Jeshi Juu ya Mirija

Mjukuu wangu ni nesi katika wodi ya kusafisha damu, hapa hapa Mbeya. Wagonjwa wake ni watu ambao figo zao zimechoka. Wanaunganishwa na mashine, damu inatoka kwa mrija mmoja, inasafishwa, inarudi kwa mrija mwingine. Jumapili moja alikuja kunisalimia akiwa amenuna. Mgonjwa wake mmoja, mwalimu mstaafu wa Ilomba mwenye mrija shingoni, alikuwa ameanza kutetemeka hata kabla mashine haijawashwa vizuri. Madaktari wakasema wadudu wameingia kwenye damu kupitia mrija.

"Babu, tunanawa mikono mpaka ngozi inataka kutoka. Sijui wanapitia wapi."

"Mmetafuta koti?"

Akanitazama kama wanavyotutazama sisi tuliokula chumvi nyingi, kwanza usoni, kisha miguuni kuona kama tumevaa viatu sawasawa. "Koti gani, babu?"

"Koti lolote. Tafuteni kitu ambacho mgonjwa anakitumia msipokuwepo na anakificha mkiwepo."

Jumapili iliyofuata alirudi mbio. Ilikuwa skafu ya sufu. Mwalimu alikuwa akiuzungushia mrija wake skafu kuukuu kila alipotoka nyumbani, kwa sababu ya baridi, na kila alipofika getini aliivua na kuitia mfukoni, kwa sababu ilikuwa imetoboka na yeye ni mtu wa nidhamu. Walimtibu, anaendelea vizuri. Mjukuu akataka kujua nilijuaje.

Nilijua kwa sababu mimi ni mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na diploma ya uganga, na diploma haichuji kama kitambaa. Lakini pia nilijua kwa sababu ya baba yangu. Nimeona niliandike jambo hili kabla halijaandikwa vibaya na wengine.

Nilirudi kutoka Uganda katikati ya miaka ya hamsini. Sikusomeshwa na mtu. Nilitega fuko katika mashamba ya pareto ya Wazungu tangu nikiwa na meno ya utoto, nikajilipia shule, na nilipofika chuoni nilikuwa kijana pekee aliyeweza kukamata panya wa maabara bila kuumwa. Diploma yangu niliitia kwenye fremu ya kioo huko huko, nikasafiri nayo magotini, kwa meli, kwa treni, na kwa basi kutoka Dodoma. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu kwenye basi alinitazama kwa huruma safari nzima. Tulipokaribia Iringa akaniuliza kwa sauti ya chini, "Marehemu alikuwa nani yako?" Alidhani nimebeba picha ya msiba. Nikaifunua, nikamsomea yote, na yeye akalala. Kioo hakikupasuka hata kidogo.

Iringa ndiko nilikoanzia kazi, na nilipata vitu viwili huko. Cha kwanza ni mke. Alikuwa nesi, Mhehe, mwenye mkono mwepesi wa sindano kiasi kwamba wagonjwa walimwuliza, "Utachoma lini?" naye ameshamaliza kuosha bomba. Cha pili ni kopo la mirija. Daktari Mzungu wa pale, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, aliniita ofisini akanikabidhi kopo la bati lenye mirija minne ya fedha, myembamba kama miguu ya panzi.

Siku hizo hapakuwa na mashine ya figo. Mtu akivimba kwa ugonjwa wa figo, ngozi ikijaa maji mpaka inang'aa, dawa zilikuwa chache. Kama hazikufaa, mrija ulichomekwa chini ya ngozi ya mguu, ukaunganishwa na mpira mwembamba, na maji yakadondoka taratibu kwenye chupa chini ya kitanda. Mzee yule aliniambia, "Mlango unaotoa maji unaingiza uchafu. Wengi hawafi kwa maji, wanakufa kwa kilichoingia." Nikamwambia hilo nalijua. Kweli nalijua, lilikuwa kwenye mtihani.

Tulihamishiwa Mbeya. Nyumba yetu ilikuwa na chumba na sebule, na diploma niliitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona.

Hatukumaliza mwaka, baba yangu akaletwa amevimba.

Alitoka kwetu milimani, upande wa Rungwe, juu ya lori la ndizi. Dereva alinikuta getini akilalamika. "Daktari, mzee wako nilimpandisha mbele, mlango ukakataa kufunga. Nikampeleka nyuma, ndizi zikakataa. Nimekuja na mlango wazi kutoka huko."

"Pole sana."

"Pole mpe yeye. Njia nzima alikuwa ananifundisha kuendesha."

Baba alikuwa mzee wa kanisa na mpishi mstaafu wa jeshi. Alikwenda vitani na sufuria akarudi na koti. Lilikuwa koti zito la kijani lenye vifungo vya shaba, na hakuliacha, jua liwake au mvua inyeshe. Nilipomwona siku ile macho yalikuwa yamejifunga kwa uvimbe, na miguu yake ilikuwa kama magunia mawili. Mkojo wake ulikuwa kidogo, una mapovu. Nilijua mara moja kwamba bila kuyatoa yale maji baba yangu hatamaliza mwezi. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sababu sisi hatufichani.

"Basi yatoe," akasema. "Nimekupeleka shule kwa ajili gani?"

Hakunipeleka shule, lakini mgonjwa habishiwi.

Sasa, kulikuwa na tatizo ambalo halikuwa kwenye mtihani wowote. Wodi ya wanaume ilikuwa na nesi mmoja aliyefunzwa, naye ni mke wangu. Na kwetu Unyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Mwanamke akimwona baba wa mumewe njiani anaingia kichakani, hata kama ni kichaka cha upupu, na mzee naye anageuka anampa mgongo ili apite. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja. Wakristo wengi walikuwa wameanza kulegeza. Baba yangu alilegeza mambo mengi, hata pombe aliilegeza akaiacha, lakini hili alilishika kwa mikono miwili.

Mke wangu alifundishwa yote hayo na shangazi yangu, dada yake baba, siku alipofika kwetu. Alisikiliza kwa adabu, kisha usiku akaniambia, "Kwetu baba mkwe anaheshimiwa. Kwenu anakimbiwa kama chui."

"Ni heshima hiyo hiyo."

"Ina miiba zaidi."

Tukapanga hivi. Baba atalazwa kitanda cha pembeni kabisa. Mirija nitaiweka mimi, vidonda nitavisafisha mimi, kila asubuhi, kwa mikono yangu. Mke wangu ataingia kuwahudumia wengine akiwa ameinamisha macho, wala hatafika upande ule. Nikaona nimewatendea haki wote, mila na elimu.

Kazi ile niliifanya vizuri kuliko daktari yeyote wa nyanda hizi, na mashahidi wapo, ingawa wengi wamekufa. Nilichemsha mirija juu ya stovu, nikaosha miguu kwa sabuni na spiriti, nikachomeka mmoja mmoja. Juu ya miguu nikatengeneza kichanja cha fito ili blanketi lisiguse, miguu ikabaki wazi hadi magotini. Maji yakaanza kudondoka. Kesho yake asubuhi chupa zilikuwa zimejaa, na jicho moja la baba limefunguka.

"Nakuona," akasema. "Umekonda. Huyo mwanamke hakupikii?"

Habari zikaenea. Watu walitoka mbali kuja kutazama maji ya baba yangu. Shangazi alihamia hospitali na mkeka wake na kuwa msemaji. "Haya yote yalikuwa ndani ya kaka yangu," aliwaambia wageni akionyesha chupa kwa fimbo. "Na mwenye kuyatoa ni mtoto wetu, mwenye karatasi." Niliruhusu wageni kutazama, sikuruhusu kugusa. Nilisimama pale mwenyewe. Hakuna mkono uliogusa mirija ile, ninaapa mpaka leo.

Kitanda cha jirani kulikuwa na dereva wa lori, si yule wa ndizi, mwingine aliyevunjika mguu mlima wa Igawilo. Kazi yake ilikuwa kulala akiutazama mlango. Kila mke wangu alipokaribia, dereva alisema kwa sauti, "Anakuja!" Nilimsikia mara nyingi nikiwa chumba cha dawa. Nilidhani wanazima sigara.

Kisha asubuhi moja nikasikia chupa zinalia. Baba alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga chupa, ting, ting, ting, kama kengele ya shule. Mwili ulikuwa moto. Mhudumu wa kufagia akaja na ushauri wa kwinini. Mimi sikubahatisha. Nilitoa damu, nikaiweka chini ya hadubini, nikaitazama mpaka jicho likachoka. Hapakuwa na malaria. Nikarudi kitandani nikafungua vidonda. Pembeni ya mrija mmoja ngozi ilikuwa nyekundu, na wekundu unapanda.

Uchafu ulikuwa umeingia kwenye damu.

Sitaki kuongopa, niliogopa. Nilishawaona watu wa namna hiyo Iringa. Asubuhi wanatetemeka, jioni wanaongea na waliokufa. Nikang'oa mirija yote. Nikafungua kabati la penesilini. Ile ya siku hizo ilikuwa inaisha mwilini upesi, ilibidi ichomwe kwenye kalio tena na tena kila baada ya saa chache, mchana na usiku, bila kuruka. Ukiruka, wadudu wanapumzika na kurudi na nguvu. Na wa kuchoma tulikuwa wawili tu, mimi na mke wangu. Daktari Mzungu wa Mbeya alikuwa safarini upande wa Tukuyu pamoja na dresa, mfunga vidonda wetu, na mvua ilikuwa imekata barabara.

Nilichoma sindano ya kwanza. Halafu nikakaa chini nikafikiri, maana kupona hakutoshi kama mlango bado uko wazi. Nani amegusa? Mimi naona asubuhi. Shangazi anaona mchana. Dereva anaona wakati wote. Wote wanasema hakuna aliyegusa. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiingia wodini bila kutazama, naye ni mke wangu, na akiingia mimi huwa sipo.

Kwa hiyo aliporudi kugawa dawa nikamfuata nyuma, karibu sana, nikiinama ili gauni lake jeupe linifiche.

"Unafanya nini?" akanong'ona.

"Elimu. Tembea."

"Anakuja!" akasema dereva.

Nikachungulia begani kwa mke wangu. Baba yangu, mwenye homa ile, akanyanyua kichwa, akachomoa chini yake koti la jeshi lililokuwa limekunjwa kama mto, akalitandaza haraka juu ya kichanja mpaka likaning'inia likagusa miguu yote miwili, kisha akajifunika uso kwa blanketi. Alilifanya jambo hilo kwa wepesi wa mpishi anayefunika chungu.

Koti lile nililiona kila siku chini ya kichwa chake. Mto hauna hatia. Na yule aliyeweza kuliona mahali pabaya alikuwa anatazama sakafu.

"Tata!" nikampigia baba kelele. "Hilo koti!"

Blanketi likauliza, "Limefanya nini?"

"Linagusa vidonda!"

"Ulitaka mkamwana aone miguu ya baba yako? Imekaa uchi kama mihogo sokoni!"

"Koti hilo limelala na ndama!"

Hilo halikuwa tusi, lilikuwa kweli. Kwetu Juni ni baridi kali, na kila ndama aliyezaliwa baridi ile alifungwa ndani ya koti la baba mpaka akauke.

"Ndama wote walipona," akasema baba.

Nikalichukua koti kwa koleo. Nikalitia katika pipa la kuchemshia mashuka. Baba akavuta blanketi mpaka utosini. Kisha akasema taratibu, "Sawa. Umenivua. Lakini huyo asiingie tena humu. Nikifa, nife na heshima yangu."

Jioni homa ilipanda. Usiku ule nilichoma mimi, na alfajiri nikachoma mimi. Mke wangu alikuwa anashika zamu ya wodi nyingine zote. Kulipokucha aliletwa mwanamke kutoka Ilomba, mtoto amelala kingamo tumboni tangu jana. Hapo hapakuwa na kusubiri. Nikaingia chumba cha upasuaji, na nikiwa ndani saa ya sindano ya baba ikafika.

Nikasikia fimbo inagonga dirisha. Ni shangazi.

"We mtoto wa kaka yangu!"

"Shangazi, nina mkono ndani ya mtu!"

"Na mimi nina mtu anataka kufa kwa heshima. Mkeo amesimama mlangoni na sindano. Kaka yangu anasema akiingia anaruka dirishani."

"Anaweza kuruka?"

"Hawezi hata kugeuka. Lakini amesema."

"Shangazi, nisikilize. Sindano hiyo ikipita, baba hatufiki naye Jumapili."

Fimbo ikanyamaza. Shangazi alimpenda kaka yake, walilelewa pamoja bila mama. Aliposema tena sauti ilikuwa imebadilika. "Basi niambie la kufanya. Wewe si una karatasi?"

Nami nikafikiri, mkono ukiwa pale pale, na nikapata jibu. Shangazi alidai maisha yake yote kwamba jibu lilikuwa lake, lakini aliyekuwa na diploma ni nani?

"Kuna pazia la kukingia kitanda," nikasema. "Liweke kati yao. Toboa tundu."

"Tundu la kiasi gani?"

"La yai."

"Yai la kuku au la bata?"

"La kuku, shangazi!"

"Kaka yangu ana umbo la bata," akasema, akaondoka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dereva, ambaye alisema hata kuvunjika mguu hakujutii tena. Shangazi alitoboa pazia kwa kisu cha ndizi, kisha akatoa hukumu mbele ya wodi nzima. "Mkwe ni uso. Mkwe ni macho, mdomo na jina. Hiki hakina macho, hakina mdomo, na hakuna aliyewahi kukipa jina. Hiki si mkwe wa mtu."

"Dada," akalia baba, "ni changu!"

"Ni cha mama yetu, ndiye aliyekizaa. Geuka."

Wagonjwa wawili wakamgeuza. Shangazi akaingia nyuma ya pazia kumlenga. "Sogea. Zaidi. Umepita, rudi. Hapo! Binti, njoo, kimefika dirishani."

Mke wangu akaja na macho yake chini mpaka akafika kwenye tundu, akapaka spiriti. Kwa mazoea ya kazi, kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote, husalimia kwa Kihehe. Ikamtoka: "Kamwene."

Wodi nzima ikaziba pumzi. Mkamwana amemsalimia baba mkwe! Sindano ikaingia na kutoka wakati huo huo.

"Achome basi," akasema baba, "anangoja nini?"

"Ameshamaliza," akasema shangazi.

Baba akafikiri. "Ndaga," akasema. Ni asante ya kwetu. Lakini alimwambia dada yake ampe yule mtu wa tundu, si mwingine.

Nilipotoka chumba cha upasuaji, mtoto wa Ilomba analia vizuri na mama yake mzima, nilikuta pazia bado limesimama, na likaendelea kusimama siku zote zilizofuata. Mimi nilichoma kwa zamu yangu kwa uso wazi. Baba alianza kulalamika kwamba mkono wangu ni mzito. "Yule wa tundu haumi," alisema. "Wewe unachoma kama unatega fuko." Alipoanza kunitukana nilijua atapona. Kutetemeka kuliisha, wekundu ukashuka. Baada ya muda figo zake zikaamka zenyewe. Alikojoa kwa wingi mpaka shangazi akataka kuwaonyesha wageni na hilo, nikakataza.

Daktari Mzungu aliporudi alisoma jalada, akatazama tundu la pazia, akaniuliza la kazi gani. Nikamweleza. Akakaa chini kwenye ndoo.

Koti lilitoka kwenye pipa likiwa safi na dogo, vifungo vimekusanyika kama watoto kwenye baridi. Baba alijaribu mkono mmoja, akalitazama muda mrefu. "Sasa linamtosha ndama peke yake," akasema. Alilichukua nyumbani kwa kazi hiyo.

Miezi kadhaa baadaye tulikwenda kwetu kumsalimia. Mvua ilikuwa imeacha, njia ina utelezi kati ya migomba. Kwenye kona tukakutana naye uso kwa uso, amenyooka, amekonda, ana fimbo. Mke wangu akaruka pembeni kama alivyofundishwa, akainama kwenye majani. Na baba yangu, mtu wa mila, akafanya yanayompasa mzee mwenye heshima akikutana na mkamwana wake njiani. Aligeuka, akampa mgongo, akasimama wima ili apite.

Tulipofika mbali kidogo nikamwona mke wangu amejaza kanga mdomoni, mabega yanatikisika.

"Nini?"

"Ukoo wako mzima," akasema alipoweza kusema, "yeye ndiye pekee ninayemtambua akishageuka."